Kununua na kutunza gari la tabo lililotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na kandokando ya ziwa

Maswali haya ni yale yale. Nimeulizwa gereji za Nyakato, nimeulizwa sheli nikijaza mafuta, nimeulizwa na mashemeji msibani, na vijana hunipigia simu wakiwa wameshatoa kianzio. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Mengi yanahusu Subaru, kwa kuwa ndilo gari la tabo linaloonekana zaidi mitaani kwetu na ndilo ninaloliendesha mwenyewe. Panapohusu gari jingine nimelitaja.

## Kabla ya kuchagua

Tabo ni kitu gani hasa?

Ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza. Ya pili inazunguka nayo, inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, ndiyo maana injini ya cc 2,000 inavuta kama kubwa zaidi. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye intakula, yaani rejeta ya hewa, ipoe kabla ya kuingia kwenye injini.

Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja unachomwa na moshi wa moto mkali. Katika tabo nyingi shafti haigusi chuma: inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikichelewa kufika, utando unakatika na chuma kinasaga chuma. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye utando huo.

Je, mwinuko wa Mwanza unaathiri chochote?

Ndiyo, na watu wengi hawalijui hili. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu yake. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Gari lisilo na tabo likipanda kutoka pwani linapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. La tabo halipotezi sana, kwa sababu kompyuta ya injini inaiacha tabo izunguke zaidi hadi presha itimie. Raha yake ni hiyo, lakini tabo ya Mwanza inafanya kazi zaidi kuliko pacha wake aliyeko Tanga.

Nianze na gari gani?

Kama ni la kwanza, ningekuelekeza kwenye Forester ya tabo au Impreza WRX ya miaka ya 2000 yenye injini ya EJ205. Ina tabo moja, mafundi wengi wameshaifungua, na spea zake zinajulikana. Legacy GT ya mwaka 2003 hadi 2009 ni tamu zaidi safarini na imetulia barabarani, ila ina mifereji myembamba ya oili inayohitaji uangalizi (soma swali la tabo mpya kufa tena).

Legacy ya kabla yake, ile yenye tabo mbili zinazopokezana, usianze nayo. Ina utitiri wa mipira ya vakyumu, na mmoja ukipasuka gari linakufa nguvu katikati ya mwendo wakati fundi anahangaika siku tatu kuutafuta. Forester ya tabo iliyotoka mwishoni mwa 2012 ina injini ya FA20, ambayo haitumii mkanda wa taimingi bali cheni. Ni injini nzuri, lakini petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haitaki mafuta machafu, na giaboksi yake ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inadai oili yake maalumu.

Kwa wapenzi wa Toyota, Caldina GT-T yenye injini ya 3S-GTE na zile saluni zenye injini ya 1JZ-GTE ni chuma imara. Shida yake ni kwamba zilizobaki zimepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza waya wake.

Linakula mafuta kiasi gani?

La kwangu, la otomatiki, linanipa kilomita saba kwa lita nikiwa katikati ya mji, na kumi na ushee nikienda Shinyanga kwa mwendo wa kistaarabu. Mguu wako unaweza kuishusha hiyo saba hadi tano. Kama hesabu ya mafuta inakutia wasiwasi kabla hujanunua, chukua gari lile lile lisilo na tabo. Halina aibu yoyote.

Nitenge kiasi gani juu ya bei ya gari?

Kwangu, robo ya bei ya gari ndiyo akiba ya chini kabisa. Ukiwa na milioni ishirini mkononi, tafuta gari la milioni kumi na sita. Mtu anayemaliza fedha zote siku ya kununua ndiye anayeahirisha oili mwezi wa pili, na gari la namna hii halisamehe kuahirishwa. Hapa huwa naonekana mkali, lakini nimewasukuma watu kwa mikono hii, mchana wa jua, barabara ya Nyerere.

## Kutafuta na kukagua

Niagize Japani au ninunue la mkononi?

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada na uisome mwenyewe. Alama 4 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo, na R au RA maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa. Angalia pia maandishi kuhusu kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, halili bati kama bahari, lakini gari lililoishi Hokkaido, kaskazini mwa Japani, limetembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake inakaa chini mahali usipopaona kwenye picha.

Kwenye kodi, kumbuka cc. Injini ya Subaru ya EJ20 (EJ205 ni mojawapo) ina cc 1,994, kwa hiyo iko chini ya mpaka wa 2,000. EJ25 ya tabo ina cc 2,457 na inavuka mpaka huo, hivyo ushuru wa bidhaa unapanda. Gari lililozidi miaka minane linaongezewa tozo ya uchakavu, na likipita kumi tozo hiyo inakuwa kubwa zaidi. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa hata senti, kwa sababu kodi inaweza kukaribia bei uliyolinunulia gari.

La mkononi lina faida moja kubwa: unaweza kuligusa. Usidanganywe na namba za usajili pekee. Namba E iliyoingia mwaka jana si lazima iwe bora kuliko namba D ya mwalimu aliyetunza risiti zake zote kwenye bahasha. Ningekwenda na bahasha.

Nikifika kuliona, nianzie wapi?

Anza kwa simu, usiku wa kabla: mwombe muuzaji asiliwashe hadi ufike. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, mtu ameshaficha kitu. Agana naye kwa heshima, mrudi kesho asubuhi.

Likiwa la baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi inaweza kuwa ya umri tu. Oili iliyo chini ya alama ya chini inakuambia tabia ya mwenye gari. Fungua kifuniko cha rejeta (likiwa baridi, narudia) uone kama kuna kuulanti (dawa ya kupozea injini) ya rangi au maji yenye kutu. Maji ya bomba au ya ziwani ndani ya injini hii ni dalili mbaya kuliko mkwaruzo wowote wa rangi.

Kisha washa. Sikiliza sekunde kumi za mwanzo. Mtu mmoja asimame nyuma aangalie moshi. Liache lipate joto lenyewe bila kupigwa resi, hadi feni za rejeta ziwake na kuzima mara mbili. Wanunuzi wengi wanakosa subira ya hatua hii, na hapo ndipo magari yanayochemsha yanapouzwa.

Angalia taa ya injini kwenye dashibodi: ukifungua swichi bila kuwasha lazima iwake, na injini ikiwaka izime. Isiyowaka kabisa imetolewa glopu ili isikusemee.

Nilijaribu barabara gani?

Mji wetu una vilima vya kutosha. Panda nalo Isamilo taratibu kwa gia kubwa kidogo. Klachi iliyokwisha itakuonyesha mshale wa mizunguko unapanda wakati gari halipandi. Tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Subaru ikijivuta na kurukaruka kama imeshikwa breki, mfumo wake wa kugawa nguvu kwa matairi manne una tatizo, na si tatizo la bei ndogo.

Kisha toka nje ya mji kuelekea Usagara. Ukishaacha makazi nyuma na njia iko wazi, weka gia ya tatu kwenye mizunguko 2,500 ukanyage vizuri. Nguvu inatakiwa iingie kama wimbi moja, bila kusita. Mluzi mwembamba wa mbali ni kawaida. Sauti kama king'ora inayopanda na kushuka na mafuta ni beringi za tabo zinazoaga. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewafanya watu waone barabara ile ni uwanja wa majaribio. Hapana. Pale kuna waenda kwa miguu na bodaboda. Unachotafuta ni sekunde nne za mvuto, na unaweza kuzipata ndani ya sheria.

Ukirudi, usizime mara moja. Fungua boneti, angalia chupa ya akiba ya kuulanti. Mapovu yanayopanda bila kukoma ni dalili ya gesi ya silinda kupita kwenye gasketi.

Fundi amepima kompresheni (presha ndani ya silinda) akasema iko chini ya kitabu. Niache gari?

Tulia kwanza. Kipimo cha kitabu ni cha usawa wa bahari. Hapa kwetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata injini nzima itasoma chini kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zote nne zinakaribiana, ni vizuri. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, hasa silinda ya nne, ambayo ndiyo inayojulikana kupasuka pistoni kwenye EJ25 za tabo, acha gari au punguza bei kwa gharama ya injini nzima.

Ni kweli plagi za Subaru zimejificha ubavuni na kuzitoa ni kazi. Mlipe fundi kwa kazi hiyo. Muuzaji anayekataa kipimo hiki ameshakujibu.

Karatasi gani nizihakiki?

Kadi halisi ya gari, na jina lililo juu yake liwe la mtu aliye mbele yako au mwenye idhini ya maandishi. Soma namba ya chesisi kwenye bodi na namba ya injini kwenye injini yenyewe, zote zilingane na kadi. Magari haya hubadilishwa injini mara nyingi, na injini isiyo kwenye kadi itakuja kukusumbua siku ya kuhamisha umiliki. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari, uhakiki stika ya bima, muandikiane mkataba mbele ya mwanasheria, kisha mpeleke TRA wiki hiyo hiyo.

## Wiki za kwanza

Nimelichukua. Nibadilishe nini kwanza?

Oili na filta yake siku hiyo hiyo, hata kama muuzaji amekuapia kuwa ni mpya. Filta ya zamani ikate kwa msumeno uikunjue. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba ni beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na kranki. Heri uzione sasa.

Wiki hiyo: kuulanti mpya iliyochanganywa na maji yaliyochujwa, plagi, filta ya hewa, oili ya giaboksi na ya difu. Mwambie fundi atoe hewa yote kwenye mfumo wa kupoza. Injini ya Subaru ni ya boksa, yaani silinda zake zimelala, hewa inajificha humo kirahisi na gari linachemsha bila uvujaji wowote kuonekana.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa lini?

Kwenye EJ kipimo ni kilomita 100,000. Kwenye gari ulilonunua jana kipimo ni leo, isipokuwa kama kuna risiti. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hiyo ndiyo injini imekwenda. Badilisha pamoja na tensheni, puli zake na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Nimeona mtu amebana fedha akaweka mkanda peke yake. Puli ya zamani ikakwama baada ya miezi mitano ikauchana ule mpya.

Oili gani, na baada ya kilomita ngapi?

Sinthetiki kamili, 5W-30 au 5W-40. Kwa joto letu na injini iliyotembea, mimi natumia 5W-40. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi minne, chochote kitakachotangulia. Ile desturi ya kumwaga oili kila elfu kumi ni ya magari mengine.

Pima kijiti kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa dakika kumi. Kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita moja tu, na injini yote inabeba lita nne na kidogo. Kwa hiyo ukiwa kwenye alama ya chini umeshapoteza karibu robo, na kwenye kona kali pampu inaweza kuvuta hewa. Nunua dukani unakokuamini. Oili feki zipo, na chupa yake inafanana na ya kweli kuliko unavyodhani.

## Kuishi nalo kandokando ya ziwa

Petroli ya sheli zetu inatosha?

Injini za tabo za Japani zilipangwa kwa petroli ya juu ya kule, yenye oktani karibu 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na sensa ikisikia mlipuko huo kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuiokoa injini. Gari linaendelea, ila limepoa nguvu.

Kinachofuata ni tabia. Jaza kwenye sheli yenye foleni, mafuta yasiyokaa chini muda mrefu. Chagua ya daraja la juu pale inapouzwa. Usikanyage kwa nguvu kwenye mizunguko ya chini gari likiwa limejaa watu, joto la saa nane, mlima mbele, punguza gia. Kama gari lilipangwa upya kompyuta kwa petroli ya Japani, lipangwe tena kwa yetu.

Ni lazima nisubiri kabla ya kuzima?

Ukitembea kawaida mjini, hapana. Ukitoka Magu au Bunda kwa mwendo, kilomita mbili za mwisho zipite polepole, kisha liache lingurume dakika moja au mbili. Ukizima tabo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani yake inaungua na kuwa makaa, na makaa hayo ndiyo yanayoziba njia ya oili baadaye. Asubuhi pia, usiivute tabo hadi mshale wa joto utulie.

Wale wadudu wa ziwani wana madhara kwa gari?

Wanayo. Wingu lile linaloonekana kama moshi juu ya maji likifika barabarani, maelfu wanaingia kwenye mapezi ya rejeta na kwenye mdomo ulio juu ya boneti. Mdomo huo, kwa taarifa, hauvutii injini hewa. Unaelekeza upepo kwenye intakula iliyo chini yake. Wadudu wakikauka humo na vumbi la njia za Buswelu au Kisesa likaja juu, unapata ukuta. Hewa haipiti, intakula haipoi, nguvu zinashuka wakati wa mchana na joto linapanda.

Kila mwezi toa uchafu kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka ndani kwenda nje. Wakataze vijana wa kuosha magari kutumia mashine ya presha hapo: inakunja mapezi. Filta ya hewa ya karatasi, ile ya kiwandani, ndiyo bora kwa vumbi letu. Filta za wazi zenye umbo la koni zinavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na vumbi pamoja nayo.

Naweza kununua tairi mbili mbili?

Kwenye Subaru, hapana. Matairi yote manne yanaendeshwa pamoja, na yakitofautiana mzingo hata kwa zaidi ya milimita sita, kifaa cha kati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinasuguana muda wote hadi kinaungua. Nunua manne ya chapa moja na kipimo kimoja, uyazungushe nafasi kila elfu kumi. Likipasuka moja, tafuta lililolika sawa na wenzake. Hapa mtumba wenye kimo kilichopimwa unaweza kuwa bora kuliko jipya.

Fundi ameniambia thamostati haina kazi nchi ya joto, akaitoa. Sawa?

Si sawa, na ningependa kila mwenye gari la tabo Kanda ya Ziwa alijue hili. Mimi pia nilitolewa, katika gereji moja ambayo sitaitaja, na nilirudi nyumbani nikishukuru kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umeshuka.

Thamostati inafunga maji hadi injini ifike joto lake la kazi, kisha inafungua. Ikitolewa, injini inabaki baridi. Kompyuta inaona baridi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya kuwashia asubuhi. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampo, yaani beseni la oili chini ya injini. Oili inakuwa nyepesi, utando wa tabo unapungua nguvu, ringi zinalika, na ulaji wa mafuta unapanda. Kama gari lilikuwa linachemsha, sababu ilikuwa rejeta, feni, pampu au gasketi, na bado ipo. Rudisha thamostati orijino, kisha tafuta ugonjwa wenyewe.

Spea nitazipata wapi?

Filta, plagi, pedi za breki na shokapu za Subaru zipo hapa hapa Mwanza. Vitu vya tabo vyenyewe, sensa na mikanda halisi, mara nyingi vinatoka Kariakoo na kuja kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100. Kwa sababu hiyo mimi naweka nyumbani mpira mmoja wa intakula, koili moja ya plagi, na filta mbili za oili. Siku gari linapolala Lamadi usiku, koili moja iliyoko kwenye buti ina thamani kuliko duka zima la Dar.

## Kuongeza nguvu

Nataka ule mlio wa "pshhh". Una madhara?

Kwenye gari nyingi za tabo zinazopima hewa kwa sensa ya mlangoni, ndiyo. Hewa imeshapimwa, kompyuta imeshaitolea petroli yake, halafu valvu ya mlio huo inaitupa nje. Kinachobaki ni petroli bila hewa: moshi mweusi, kusita kati ya gia, kuzima kwenye taa. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa hiyo ndani kimya kimya. Mngurumo wa boksa wenyewe, ule unaotokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana, ni mzuri vya kutosha bila msaada.

Na kuongeza presha ya tabo?

Inawezekana, kwa mtu mwenye kifaa cha kupima uwiano wa hewa na petroli na anayejua kukisoma, akiwa amekaa ndani ya gari lako, kwenye petroli yetu, kwenye mwinuko wetu. Faili la kompyuta lililotumwa kwa simu kutoka kwa rafiki wa Nairobi halikidhi hata sharti moja. Kufunga kifaa cha mkono cha kuongeza presha bila kugusa petroli ndiyo njia fupi zaidi ya kupasua pistoni ninayoijua. Fedha hizo ziweke kwanza kwenye breki, tairi na bushi.

## Likianza kusumbua

Moshi wa rangi tofauti unamaanisha nini?

Wa bluu ni oili. Ukitoka baada ya gari kusimama na injini ikinguruma, kisha ukakanyaga, shuku sili za tabo au za valvu. Ukitoka muda wote chini ya mzigo, shuku ringi. Subaru kutoa bluu kidogo ikiwashwa baada ya kulala upande kwenye kilima ni kawaida yake, kwa kuwa silinda zimelala. Mweupe mzito wenye harufu ya utamu ni kuulanti. Mweusi ni petroli nyingi: anza na sensa ya hewa na mpira uliopasuka wa intakula.

Linagonga tok tok nikiachia mafuta. Naweza kufika nalo mjini?

Zima. Mlio huo wa chini, kwenye mizunguko 2,500 hivi, ni beringi ya konrodi. Ukizima sasa kuna matumaini ya kuokoa kranki. Ukilazimisha kutoka Usagara hadi Nyakato, konrodi inaweza kutoboa bloku. Vuta kwa kamba au lipakie.

Nimefunga tabo mpya, imekufa tena baada ya miezi miwili. Kwa nini?

Kwa sababu kilichoiua ya kwanza hakikuondolewa. Kwenye Legacy GT na injini nyingine za EJ zenye valvu za kubadilika muda, kuna vichujio vidogo kama wavu ndani ya bolti za njia ya oili. Oili iliyochelewa kubadilishwa inaviziba, na tabo inakufa kwa kiu huku taa ya oili ikiwa haijawaka hata mara moja. Kabla ya kufunga nyingine: safisha au badilisha vichujio, badilisha bomba la oili, osha intakula iliyojaa mabaki, mwaga oili, na izungushe injini bila kuwasha hadi oili ifike juu.

Injini imenoki. Ovaholi au injini ya mtumba?

Kama bloku na kranki vimepona na una fundi aliyewahi kufunga boksa ikatembea, ovaholi kwa vipuri halisi ndiyo njia yangu. Injini ya mtumba ni haraka, lakini hujui ilikotoka. Ukiinunua, ifunguliwe sampo, ibadilishwe mkanda na sili ikiwa bado iko chini, na ihakikishwe ni ya aina ile ile na kompyuta yako. Kisha peleka namba mpya ya injini TRA ikaandikwe.

## Yanayowakuta wachache

Nimeonyeshwa WRX yenye namba za Kenya, Sirari, bei ya kutupa. Ninunue?

Bei ni ya kutupa kwa sababu ushuru wa Tanzania haujalipwa. Gari la kigeni linaingia kwa kibali cha muda, na mwenyeji akikutwa nalo bila kuligomboa linaweza kukamatwa. Hesabu kodi kamili kwanza (tazama swali la kuagiza Japani), kisha linganisha na la hapa. Mara nyingi nafuu yote inayeyuka.

Mvua imejaza barabara Mabatini. Nipite?

Usipite kama maji yanafika katikati ya rimu. Bomba la kuvutia hewa liko mbele, usawa wa taa, na gari likisukuma wimbi maji yanapanda hadi hapo. Maji hayashindiliki, yakiingia kwenye silinda konrodi inapinda. Likizima ndani ya maji usiliwashe tena. Lisukumwe, plagi zitolewe, injini izungushwe kwa mkono kwanza.

Nataka kwenda nalo Ukerewe. Kivuko kinalikwaruza?

Kama halijashushwa, linapita Kisorya hadi Rugezi bila shida. Lililoshushwa liingize kwa mshazari, abiria washuke, na mwombe mhudumu akusubiri. Ukifika upande wa pili kagua kinga ya chini ya injini, maana bolti zake huanguka kwenye njia ya vumbi, na ikining'inia inavutwa na upepo na kung'oka.